Karatasi ya Rujnica

Hilmija Bešlagić alichora ramani za wilaya yetu kwa mkono kwa miaka thelathini na mmoja. Alipokaribia kustaafu tulimpa meza iliyopakana na mlango wa choo, na kazi ya kung'oa pini za stepla.

Nasema tulimpa, sisemi walimpa. Mimi ndiye niliyeshika upande mmoja wa meza ile siku ilipohamishwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimemaliza chuo huko Tuzla, na nilikuwa mmoja wa watu wanne wa kwanza kuajiriwa kwenye kitengo kipya cha ramani za kompyuta. Mkuu wetu aliitwa Elvedin Tahmaz. Alisomea Graz, Austria, alikuwa na miaka thelathini na nne, na sijawahi kuona tope kwenye viatu vyake. Kazi yetu ilikuwa kuzitoa karatasi zote ghalani, kuziskani, na kuziingiza kwenye mfumo mmoja, ili mtu akibonyeza kipande chochote cha ardhi aone mipaka yake, mwenyewe, mto ulipo, barabara ilipo, na mabomu yalipo. Vita ilikuwa imekwisha miaka kumi na sita, lakini kwetu ramani isiyoonyesha mabomu hakuna anayeihitaji.

Wiki zangu za kwanza Hilmija alinifundisha mambo ambayo chuo hakikunifundisha. Namna ya kunyoosha karatasi iliyokunjamana bila kuipasua. Namna ya kuutambua mwandiko wa kila mpimaji wa zamani, nani alikuwa mvivu, nani alikuwa mlevi, nani unaweza kumwamini hadi sentimita. Aliniita binti. Nilimwita Fundi, kama kila mtu.

Kisha Elvedin akaanza naye. Hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa akitabasamu, na sisi tukijifunza kutabasamu pamoja naye. Alimwita makumbusho. Mgeni akija alimpitisha pale mezani: "Na huyu hapa ni kompyuta yetu ya kwanza. Haihitaji umeme, inahitaji kahawa tu."

Siku ya kuzaliwa ya Elvedin tulinunua keki. Tulikuwa watu kumi na wawili chumbani.

"Fundi Hilmija, acha hizo pini, njoo huku!" Elvedin aliita. "Njoo ule keki."

Mzee akaja, akijifuta vidole kwenye kitambaa.

"Keki baadaye. Kwanza tuonyeshe nyumbani kwako." Akamsogezea kiti mbele ya skrini kubwa ya ukutani. "Si ndiye wewe unayeijua wilaya hii jiwe kwa jiwe? Haya. Nermana, shika saa."

Nikashika saa.

Hilmija alikishika kipanya kama mtu aliyepewa kifaranga. Picha ya setilaiti ikaruka. Wilaya ikapotea, ikaja Kroatia, ikaja bahari tupu.

"Oho, ameenda kuogelea!" alisema Mirela wa masjala.

"Fundi, taulo umebeba?"

"Ngojeni, huyoo Italia! Jamani, mwagizieni tambi!"

Dakika nne na sekunde kumi. Mshale ulihangaika huku na huko kwenye skrini, mkubwa, ukutani, mbele yetu sote. Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi. Nyumba yake ilikuwa mita mia tatu kutoka pale tulipokaa. Ungeinua uso tu ukaiona dirishani.

"Sasa umeelewa kwa nini nakuomba usiwe unatoa maoni," Elvedin alimwambia kwa upole, akimkabidhi kipande cha keki. "Hapa mtu anaongea akiulizwa. Na akiulizwa, anajibu alichoulizwa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, bwana mkurugenzi."

Alikula keki yote. Kisha akaosha sahani yake, akaifuta, akairudisha kabatini.

Karatasi ya Rujnica ilifika mezani kwangu mwezi Februari. Rujnica ni kijiji cha juu, nyumba tisa na mashamba ya miti ya plamu, ambako hakuna aliyeishi tangu vita. Mwaka wa tisini na tatu askari mmoja alitega mabomu huko, na kama walivyoamriwa wote, akaandika kumbukumbu yake kwenye karatasi ya daftari la shule. Alichora kwa kalamu ya wino wa buluu: kona ya kinu cha mawe, mshale unaotoka hapo, umbali wa mita 420, pembe 1500, kisha misalaba midogo ishirini na miwili imepangwa mistari miwili.

Jeshini hawapimi pembe kwa digrii. Wanaligawa duara zima kwenye vipande vidogo vidogo, maelfu, na kuhesabu vipande. Hilo nililijua. Programu yetu nayo ililijua, na ilikuwa imewekwa tayari: vipande elfu sita na mia nne. Nikaandika 420, nikaandika 1500, na mshale ukajichora wenyewe. Mstatili mwekundu ukatokea kwenye mteremko juu ya mashamba. Haikunichukua dakika tatu.

Tulikuwa na karatasi elfu moja na mia moja za namna hiyo, na meya alitaka zimalizike kabla ya uchaguzi. Elvedin alikuwa ametoa maagizo kwa maandishi, yamebandikwa juu ya mashine: skani upande wa mbele tu. Nyuma ya karatasi zile kulikuwa na madoa ya tope, hesabu za karata, majina ya wasichana. Niliskani mbele nikaendelea na nyingine.

Wategua mabomu hawakupewa karatasi. Walipewa namba za setilaiti kutoka kwetu, wakaenda nazo mlimani. Mwezi Mei kiongozi wao, Kasim Ploskić, aliingia ofisini na viatu vyake vya kazi, akaacha nyayo za udongo kutoka mlangoni mpaka mezani kwangu.

"Nani kachora Rujnica?"

"Mimi."

"Dada, tumelala kifudifudi siku kumi na tisa kwenye ule mteremko wako. Tumepata kopo la dagaa na kiatu cha farasi. Mabomu ishirini na mawili yako wapi?"

Elvedin alitoka ofisini kwake, simu sikioni. "Yaliondolewa, Kasim. Unajua watu walivyokuwa baada ya vita. Wakiyafukua, wakivulia samaki."

"Yote? Na mashimo yakajifukia yenyewe?"

"Miaka kumi na sita, bwana. Hata mimi ningejifukia."

"Mimi siweki saini ya kusema pasafi mpaka mtu aniangalizie karatasi. Karatasi yenyewe, siyo hiyo televisheni yenu."

Elvedin akacheka. "Jamani, mteja anataka karatasi! Bahati yake, tunaye bingwa wa karatasi. Fundi Hilmija! Toka huko chooni!"

Mzee akainuka mezani kwake, akaja. Nilimpa karatasi ya Rujnica mkononi mwake mimi mwenyewe.

"Sikiliza vizuri," Elvedin alimwambia. "Linganisha namba za kwenye karatasi na namba za kwenye skrini. Zinalingana, au hazilingani. Hadithi za vita tutakuomba siku nyingine." Akaenda dirishani na simu yake, akatupa mgongo. Kasim alikuwa ameinama, anakwangua udongo viatuni kwa rula yangu.

Kwa hiyo aliyekuwa akimtazama Hilmija ni mimi peke yangu.

Alisoma upande wa mbele. Akaigeuza karatasi. Akasoma upande wa nyuma, taratibu, midomo ikicheza. Akaigeuza tena, akaweka kidole gumba juu ya ile 1500 na kukiacha hapo. Akainua macho kwenye skrini. Kisha akautazama mgongo wa Elvedin, akaniangalia na mimi, na kwenye kona ya mdomo wake pakatokea kitu kidogo. Nilidhani ni furaha ya mtu aliyekumbukwa.

"Zinalingana," alisema.

"Una hakika?" Kasim aliuliza, akiinuka.

"Mita mia nne na ishirini, na hapa mia nne na ishirini. Elfu moja mia tano, na hapa elfu moja mia tano. Nimeulizwa namba. Namba zinalingana."

Akaweka saini. Kasim akaitazama saini ile, kwa sababu alikuwa akimheshimu mzee, naye akaweka ya kwake.

Rujnica ilitangazwa salama mwezi Julai. Meya alikata utepe, wakachoma kondoo, bendi ya zimamoto ikapiga. Wa kwanza kurudi walikuwa Derviš Kapo na mkewe Šefika, watu wazima, waliokuwa wamekaa miaka kumi na minane kwenye ghorofa la watu huko Linz, Austria. Derviš alikuwa mfupi, ana sauti nzito kuliko mwili wake. Alinishika mkono akanitembeza kunionyesha miti yake ya plamu, sitini na kitu, imejaa matawi makavu na vichaka chini.

"Hii yote mwakani nitaipogoa," alisema. "Moja moja. Wewe ndiye uliyechora ile ramani, eti?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Mungu aibariki hiyo mikono yako."

Šefika akanipa chupa ya jemu aliyoipika jikoni kwa dada yake. Niliila mpaka ikaisha.

Plamu hupogolewa mwishoni mwa baridi, kabla utomvu haujapanda. Tarehe kumi na moja Machi, saa tatu asubuhi, Derviš alibeba ngazi na msumeno akaenda shambani. Alifanya miti minne. Kwenye mti wa tano aliisimamisha ngazi, akaipanda vidato viwili, na ngazi ikazama kidogo kwenye udongo laini kwa uzito wake.

Haya yaliyofuata ni Šefika mwenyewe aliyeyaeleza mbele ya tume ya uchunguzi iliyoundwa baadaye, na sauti yake haikupanda wala kushuka.

Alisikia mlipuko akiwa jikoni. Alikimbia mpaka kwenye njia, na kutoka hapo alimwona mumewe amelala, hana miguu chini ya magoti, kama hatua thelathini mbele yake. Derviš naye alimwona.

"Simama!" alimwambia. "Šefika, simama hapo hapo! Ukiweka mguu kwenye majani sitakusamehe."

Akasimama. Majirani wakaja, wakasimama. Zimamoto wakaja, daktari akaja na mkoba wake, wote wakasimama kwenye njia ile nyembamba, wamejipanga kama watu wanaongoja basi. Hakuna aliyethubutu. Ramani ilisema hapo pasafi, na hapo palikuwa pamelipuka. Sasa hakuna aliyejua pachafu panaanzia wapi na panaishia wapi.

Derviš aliongea kwa muda wa dakika arobaini hivi. Alimweleza daktari kwa nini asije. Alimwuliza mkewe, "Maziwa uliyatoa jikoni?"

"Nimeyatoa," alisema Šefika, naye hakuwa ameyatoa.

"Maana nasikia harufu ya kuungua."

"Ni majirani wanachoma majani."

Akasema anasikia baridi. Akamwomba aendelee kuongea, lolote lile, asinyamaze. Šefika akaanza kumtajia watu wa ghorofa la Linz, mlango kwa mlango, nani alikaa wapi, nani alikuwa na mbwa. Alipofika ghorofa ya tatu akauliza, "Unanisikia?" na hakujibiwa. Alimaliza ghorofa zote tano.

Kasim alifika baada ya saa moja na dakika hamsini. Alitambaa zile hatua thelathini. Kati ya njia na maiti alifukua mabomu matano.

Iliundwa tume ya watu watatu. Elvedin alikuja na kompyuta mbili na michoro ya rangi, akaeleza kwa nusu saa kwamba mfumo haukosei, kwamba huenda karatasi ya askari ilikuwa na kasoro, kwamba askari yule alikwisha kufa na hawezi kuulizwa. Tulikuwa tumekaa nyuma, ofisi nzima. Šefika alikaa mstari wa mbele na koti lake jeusi.

Hilmija akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwenyekiti, naomba niiangalie hiyo karatasi."

Wakampa. Aliigeuza, akasoma kwa sauti: "'Imepimwa kwa dira ya zamani, duara elfu sita.'" Akaiweka mezani. "Jeshi letu lilikuwa na dira za aina mbili, mwenyekiti. Mpya zinaligawa duara vipande elfu sita mia nne. Za zamani, elfu sita kamili. Kwa dira ya zamani, elfu moja mia tano ni robo ya duara, yaani mashariki, sawasawa. Kompyuta imepinda kidogo kuelekea kaskazini. Kwa umbali ule, upotofu wake ni mita arobaini na moja."

Akatoa mfukoni rula, penseli na kipimapembe, akakunjua ramani ya zamani ya Rujnica aliyoichora mwenyewe kabla ya vita, kila mti wa plamu una kitone chake. Akapiga mstari mmoja. Akaita, "Mama Kapo, tafadhali," na Šefika alipofika akaweka ncha ya penseli kwenye kitone. "Mumeo alikuwa hapa. Mti wa tano."

Hakutumia dakika kumi.

"Na wewe ulithibitisha karatasi hii mwaka jana," mwenyekiti alisema. "Hukuona maandishi haya?"

"Nilionyeshwa mbele tu, mwenyekiti. Nyuma ilikuwa hairuhusiwi. Agizo liko kwa maandishi, limebandikwa juu ya mashine."

Wakageuka wote kumtazama Elvedin. Kasim alikuwa ameshika kichwa. Mimi nilikuwa nimeketi na mikono mapajani, na nilijua. Nilikuwa nimemwona akiigeuza. Nilihitaji kusimama tu, kusema maneno matatu. Lakini wangeniuliza: binti, na nani aliyeandika ile 1500? Na nani aliyeiskani? Wewe si uliishika hiyo karatasi, wewe uliigeuza? Nikabaki nimeketi.

Elvedin alifukuzwa, kisha akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na nusu. Siku aliyokuja kuchukua vitu vyake alikuwa hajanyoa, amebeba boksi la kadibodi mikono miwili, na Hilmija akainuka kumshikia mlango.

"Nyumbani utapaona, bwana mkurugenzi?" alimwuliza. "Au Nermana akushikie saa?"

Tulicheka. Mirela alicheka hata akashika ukuta. Elvedin alipita katikati yetu na boksi lake, na mtu fulani nyuma akasema, "Ogelea salama!" na tukacheka zaidi.

Hilmija hakustaafu mwaka ule. Meya alimwomba abaki awe mkuu wa ghala la ramani, akapewa ofisi ya Elvedin, yenye dirisha linaloitazama nyumba yake. Gazeti la mkoa lilimpiga picha akiwa na kipimapembe chake. Shule zilimwalika. Na kila Ijumaa Šefika alishuka kutoka Rujnica na sinia la pita ya viazi, ule unga mwembamba unaoviringishwa na viazi ndani, bado ya moto, limefungwa kwa taulo, akamwachia mezani. Kwa sababu yeye peke yake, alisema, ndiye aliyemwambia ukweli.

Nilimwendea nyumbani kwake kiangazi kile. Alikuwa barazani na birika la shaba la kahawa, akanimiminia kikombe kabla sijakaa.

"Fundi, uliigeuza," nilisema. "Mimi nilikuona."

"Niliigeuza."

"Ukasoma."

"Nina macho, binti."

"Sasa kwa nini?"

Alikoroga kahawa yake. "Nilijua hawajapata kitu na hawatapata. Nilijua Kasim ni mbishi, atagoma, atakwenda kwa meya. Yule mtoto wa Graz angeumbuka mbele ya watu, na wangeniita. Nilikuwa nangoja kuitwa."

"Lakini Kasim aliweka saini. Kwa sababu yako wewe aliweka saini."

"Hilo sikulitegemea."

"Ikapita Julai. Ukaja kwenye sherehe, ukala nyama. Miezi minane, Fundi! Ulikuwa unaweza kusema siku yoyote."

"Kila asubuhi nilitoka hapa nikisema leo nasema. Nikifika, naukuta uso wake." Akaninyooshea kikombe changu. "Na zenu. Wewe ulikuwa unacheka vizuri kuliko wote, unajua? Una kicheko kizuri sana."

"Kuna mtu amekufa."

"Yupo aliyeandika elfu moja mia tano, na yupo aliyesema zinalingana. Nenda kaseme, Nermana, sikuzuii. Ila ujiandae, maana swali la kwanza watakuuliza wewe." Akaegemea kiti. "Kunywa, inapoa."

Nikanywa.

Nilikaa na jambo lile miaka miwili. Niliolewa, nikahamia ng'ambo ya mto. Nikapandishwa cheo. Niliacha kula nyumbani kwa watu siku wakipika chochote cha plamu, nikasingizia tumbo. Kisha Ijumaa moja ya Oktoba nilipanda Rujnica kwa gari langu, nikabisha hodi.

Šefika alikuwa anatandaza unga mezani, mwembamba kama kitambaa, mikono yake nyeupe mpaka kwenye viwiko. Hakuacha kazi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: siku ile ofisini, karatasi ilivyogeuzwa, kidole gumba, maneno ya barazani. Nilimweleza na yangu pia, sikujificha. Alikuwa anapanga viazi juu ya unga, anaviringisha, anapanga tena.

"Hili umelijua lini?" aliuliza nilipomaliza.

"Siku ya tume."

"Mimi nilikuwa nimeketi mbele yako."

"Ndiyo, mama."

"Na umekuja leo. Kwa nini leo?"

"Silali vizuri," nilisema, na huo ndio ulikuwa ukweli.

"Kumbe umekuja ili ulale."

Aliitia pita kwenye sinia, akaisukuma ndani ya oveni, akajifuta mikono. Kwa mara ya kwanza akanitazama.

"Nimerudi nchi hii na mtu mmoja, nikamzika," alisema. "Majirani wananikwepa, kwa sababu walisimama kwenye ile njia na wanajua niliwaona. Watoto wangu wako Austria, wananipigia Jumapili. Ijumaa ninashuka mjini kwa sababu kuna mtu anayengoja chakula changu. Anakila. Ananiuliza barabara ilikuwaje. Huyo ndiye niliye naye. Sasa wewe umepanda mlima kuja kuninyang'anya na huyo?"

"Nilidhani una haki ya kujua."

"Haya, nimejua."

Nilingoja aseme neno lingine, anitukane, anipige hata. Aliketi kwenye kiti kando ya oveni, na mimi nikabaki nimesimama mlangoni na koti langu, muda wote ambao pita inahitaji kuiva. Kisha akalitoa sinia, akalifunga kwa taulo, akavaa mtandio. Nilimwambia gari langu liko nje, nimshushe.

"Nina miguu," alisema.

Akanipita mlangoni, akaanza kuteremka kuelekea mjini, sinia mikononi, hatua zake sawasawa katikati ya njia.

Aliendelea kumpelekea kila Ijumaa, mvua na theluji, mpaka majira ya baridi Hilmija alipofariki kwa ugonjwa wa mapafu. Kama aliwahi kumwuliza, sijui. Meya alihutubia kaburini. Jioni kwenye kisomo cha wanawake, walioniambia wanasema Šefika ndiye aliyewapokea wageni na kuwagawia kahawa, kama mtu wa nyumba ile, na mmoja alipomsifu marehemu kwamba alikuwa mtu wa haki, aliitikia amina pamoja na wengine, akapita na sinia kwenye safu iliyofuata.